Mtoto kalazwa kwa kuharisha, siku ya tano anakohoa: jibu kwa muuguzi wa Pemba

SWALI: Assalaamu alaykum, daktari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya Pemba. Mvua zikishika, wodi inajaa watoto wenye mafua na kifua cha kubana, malaria wakipimwa hawana, na takriban wote wanaandikiwa antibiotiki. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watoto waliolazwa kwa mambo mengine, kuharisha au kuungua moto, ambao siku ya nne au ya tano nao wanaanza kukohoa. Hivi ni virusi gani? Wanaambukizana vipi na sisi glavu tunavaa? Antibiotiki tunakosea? Na kuna maana yoyote ya kupeleka sampuli maabara?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada. Nianze na hao watoto wa kuharisha na kuungua, kwa sababu jibu lao tayari mnalo katika mafaili yenu, kabla hata ya kuisumbua maabara. Tazameni tarehe.

Kila virusi vina muda wake wa kuatamia, yaani siku zinazopita tangu viingie mwilini mpaka mafua au kikohozi kianze. Influenza ni ya haraka: siku 1 hadi 4, na wengi huanza siku ya 2. Rinovirusi, vinavyoleta mafua ya kila siku, huchukua siku 2 au 3. Parainfluenza ni siku 2 hadi 6. RSV (virusi vya kifua vya watoto wadogo), ambayo ndiyo nitakayoitaja sana hapa, mara nyingi ni siku 4 hadi 6, japo inaweza kuwa 2 au 8. Adenovirusi huweza kukaa kimya hadi wiki 2. Korona inayozunguka siku hizi ni siku 3 hivi.

Sasa mchukue mtoto aliyelazwa Jumatatu kwa kuharisha. Akianza kupiga chafya Jumanne, kaja nayo kutoka nyumbani. Akianza Jumapili, na ndugu zake nyumbani hawana mafua, kuna uwezekano mkubwa kaipata hapo wodini, na kwa hesabu ya siku mshukiwa wa kwanza ni RSV. Jirani yake akilazwa na homa kali ya ghafla na yeye akachemka siku mbili baadae, fikirieni influenza. Ile saa 48 inayotumika kwa kawaida kuhesabu maambukizi ya hospitalini haitoshi kwa virusi: mtoto anaweza kuingia na RSV iliyolala, akaanza kukohoa siku ya 4, na wodi isiwe na kosa lolote.

Kwa hiyo ongezeni safu mbili katika daftari la wodi: tarehe ya dalili ya kwanza ya mafua au kikohozi, na namba ya kitanda. Mtoto akihamishwa, andikeni namba mpya bila ya kufuta ile ya zamani. Watoto 3 waliolazwa kwa mambo mengine wakianza kukohoa ndani ya wiki moja, na vitanda vyao vimekaribiana au wamehudumiwa na mikono ile ile, huo uhesabuni kuwa mlipuko wa wodi na mchukue hatua siku hiyo hiyo. Msingoje jina la virusi, kwani hatua za mwanzo ni zile zile.

Virusi vyenyewe orodha yake ni ndefu, lakini vyenye uzito si vingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulifanyika katika nchi 7: Kenya (huko Kilifi, pwani kama yetu), Zambia, Afrika Kusini, Mali, Gambia, Bangladesh na Thailand. Ulichunguza watoto chini ya miaka 5 waliolazwa kwa nimonia, wasiokuwa na virusi vya UKIMWI, na ambao picha ya kifua ilithibitisha. Asilimia 61 ya nimonia hizo ilihesabiwa kuwa ni ya virusi, 27 ya bakteria, na karibu 6 ya kifua kikuu. RSV peke yake ilibeba asilimia 31, zaidi ya bakteria wote pamoja. Chanjo zimechangia hali hiyo: Tanzania ilianza chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya bakteria wa Hib, mwaka 2009 na ya pneumokoka mwaka 2013, na maadui hao wawili wakubwa wa kibakteria wakapungua nguvu. Nimonia inayoingia wodini leo si ile iliyofundishwa katika vitabu vya zamani.

RSV huwaandama zaidi walio chini ya miezi 6. Kwa mwaka 2019, vifo vya RSV duniani kwa watoto chini ya miaka 5 vilikadiriwa kupita 100,000, karibu nusu yao wakiwa hawajafikisha miezi 6, na asilimia 97 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mgonjwa wake mtamjua: siku mbili tatu za mafua, kisha pumzi za haraka, kifua kinabonyea chini ya mbavu, mluzi na mchakacho ukisikiliza kwa stetoskopu, na ziwa linamshinda kwa sababu pua imeziba. Siku ya 3 hadi ya 5 ya ugonjwa ndiyo mbaya zaidi. Mama aambiwe hivyo mapema, la sivyo ataona dawa zenu hazifai na atamchukua mwanawe kwa mtaalamu wa mitishamba siku ile ile anayohitaji oksijeni. Na mchanga wa chini ya miezi 2, khasa njiti, anaweza asikohoe kabisa. Akaacha tu kupumua kwa sekunde 15, 20. Huyo alazwe mahali ambapo muuguzi anamuona akiwa mezani pake.

Metapneumovirusi inafanana na RSV, ila mara nyingi watoto wake ni wakubwa kidogo. Parainfluenza aina ya 3 hushuka mapafuni kwa wachanga. Aina ya 1 huleta kikohozi cha kubweka na sauti kukwama. Adenovirusi huja na homa kali ya siku nyingi na macho mekundu, na wachache huachiwa vijia vya hewa vilivyoharibika moja kwa moja. Influenza mnaijua. Surua msiisahau: hiyo huenda na hewa ya chumba kizima, haifai kuchanganywa na wengine hata kwa saa moja, na vitamini A ni siku 2 mfululizo, yuniti 50,000 chini ya miezi 6, 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja.

Sasa glavu.

Mwaka 1981 kulichapishwa huko Marekani jaribio dogo ambalo kila muuguzi wa watoto angepaswa kulijua. Watu wazima 31 waligawiwa makundi matatu mbele ya watoto wachanga wenye RSV. Kundi la kwanza liliwabeba na kuwahudumia watoto: 5 kati ya 7 wakaambukizwa. La pili halikumgusa mtoto, liligusa tu kitanda na vitu vyake kisha likajigusa pua na macho: 4 kati ya 10. La tatu lilikaa karibu mita 2 na mtoto bila ya kugusa chochote: kati ya 14, hakuambukizwa hata mmoja. Kwa RSV, basi, mkono ndio chombo kikuu, na mlango ni pua na macho. Mdomo ni mlango hafifu.

RSV inaishi hadi saa 6 juu ya sehemu ngumu kama reli ya kitanda au meza ya chuma, kiasi cha nusu saa kwenye nguo, na dakika 20 hivi kwenye ngozi ya mkono. Juu ya glavu inafika saa moja na nusu na zaidi. Umeona hatari ilipo? Muuguzi aliyevaa jozi moja ya glavu na kupita nayo vitanda sita anaambukiza zaidi kuliko aliyepita mikono mitupu akanawa kila kitanda. Glavu inamlinda mvaaji tu, na mvaaji naye akishajikuna pua hailindi tena. Ya kitanda kimoja ivuliwe hapo hapo, mikono inawiwe, kisha ndio uende cha pili. Kwa kumlisha mtoto, kumpima joto au kuhesabu pumzi, glavu hazihitajiki kabisa. Zihifadhini kwa damu, makohozi na kinyesi.

Kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kwa spiriti ya mikono ni sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Kwa RSV, influenza na korona spiriti inafanya kazi barabara, kwa sababu virusi hivyo vina ganda la mafuta linaloyeyuka. Adenovirusi na rinovirusi havina ganda hilo, spiriti havijali sana. Hapo sabuni, maji yanayotiririka na kusugua ndiyo tegemeo. Mfereji wa wodi ukikauka, kama inavyotokea, wekeni ndoo yenye koki, na beseni chini yake. Msitumie beseni la kuchovya mikono pamoja. Hilo linawagawia wote alichonacho mmoja.

Spiriti ikiadimika, mfamasia wenu anaweza kuitengeneza kwa fomyula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 10 kamili. Ikorogwe, itiwe katika chupa safi, na ikae saa 72 kabla ya kutumika ili vijidudu vilivyojificha kwenye chupa vife. Wengi huharibu kwa kuzidisha gliserini wakidhani wanalainisha mikono. Mikono inanata, na watu wanaacha kuitumia. Na isitengenezwe karibu na moto. Chumba chenye madirisha wazi ndicho.

Reli za vitanda, vishikio vya milango, meza za dawa na mashine ya oksijeni vifutwe angalau mara mbili kwa siku, na kila mtoto anapotoka. Kwanza sabuni na maji, kisha klorini ya asilimia 0.1. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu inaishia kupigana na uchafu, virusi vinabaki. Kwa jiki ya asilimia 3.5, pimeni mililita 285 na mjaze maji mpaka lita 10. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 14 kwa lita 10, ambayo ni kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa. Sehemu ibaki na umajimaji dakika 10, ndipo ifutwe kwa maji. Palipomwagika damu tumieni asilimia 0.5: kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji. Mchanganyiko wa leo umwagwe kesho, na ndoo iwe na kifuniko isipigwe jua. Someni asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu si jiki zote ni 3.5, na chupa iliyokaa miezi dukani kwenye joto letu imepungua nguvu. Msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu.

Kuhusu vitanda. Najua masika watoto wawili hulala kitanda kimoja, na kuandika kwamba kila mmoja awe na chake ni kujifurahisha. Lakini chagueni nani analala na nani: anayekohoa na anayekohoa, kamwe asiwe na wa kuharisha au wa kuungua. Walale mzungu wa nne, vichwa visielekeane. Kitanda na kitanda kiwe na nafasi ya mita 1 angalau. Hakuna chumba cha pili? Tengeni upande mmoja wa wodi kwa wenye mafua, ule ambao upepo unatokea nje, sio ule unaouingiza ndani, na ikiwezekana muuguzi wa zamu mmoja awe wa upande huo peke yake. Madirisha ya pande mbili yawe wazi usiku na mchana. Kipupwe kikiingia kina mama hufunga wakiogopa mtoto kupigwa na baridi. Mpeni shuka la ziada, dirisha lisifungwe. Wavu wa dirishani na chandarua vitashughulikia mbu.

Watoto wa kuwaweka mbali kabisa na upande wa kikohozi ni njiti, wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa, selimundu, utapiamlo mkali, na wenye virusi vya UKIMWI. Hao RSV ikiwapata wodini inawaua kwa urahisi zaidi kuliko ugonjwa uliowaleta. Na kumbukeni mchanga anaweza kuendelea kutoa virusi wiki 3 au hata 4, wakati mtoto mkubwa ni siku 3 hadi 8. Kikohozi kupungua si kibali cha kumrudisha upande wa pili.

Wageni ni suala zito kwetu. Kumkagua mgonjwa ni ibada na ni utu, na muuguzi anayesimama mlangoni kuzuia ukoo mzima atashindwa siku ya kwanza. Afadhali masharti machache yanayotekelezeka: wawili kwa wakati, wasiwe watoto, mwenye mafua alete chakula mpaka mlangoni na dua yake itafika, na ndoo ya kunawia iwe nje ya mlango, kwani ikiwa ndani mtu ameshashika reli tatu kabla ya kuifikia. Kutombusu mchanga usoni ndiko msisitize. Mama mwenyewe akiwa na mafua asiondolewe na asiache kunyonyesha. Avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika. Leso aliyofutia kamasi ya mwanawe asimfutie wa jirani, jambo linalofanyika kwa wema kila siku. Nanyi wauguzi: mwenye mafua apangiwe zamu ya wakubwa au ya daftari. Mfanyakazi anayejikaza kuja kazini ni chanzo kinachosahaulika, pengine kwa sababu tunamsifu.

Vifaa navyo vina njia zake. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, hurusha matone ya mgonjwa chumba kizima, na kwa mchanga mwenye RSV salbutamoli haisaidii. Kwa mtoto mkubwa mwenye pumu tumieni pampu na spesa, yaani chombo kinachounganisha pampu na mdomo wa mtoto. Chupa ya plastiki ya mililita 750 iliyokatwa kitako inatosha. Mrija wa puani wa oksijeni usihamishwe kwa mtoto wa pili bila ya kusafishwa na kuua vijidudu. Chupa ya maji ya kulainisha oksijeni, kwa mtiririko mdogo wa mrija wa puani, haina lazima. Ikiwepo, maji yake yabadilishwe kila siku, vinginevyo mnafuga bakteria humo.

Antibiotiki. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 na kuchapishwa 2016 uliangalia watoto 677 wa miezi 2 hadi 59 wenye homa isiyo kali. Asilimia 74 walipewa antibiotiki. Walipochunguzwa kwa kina baadae, waliozihitaji walikuwa asilimia 22. Hao walikuwa wa nje, hawakulazwa, kwa hiyo msizibebe namba hizo mkazipachika wodini. Kwa aliyelazwa mimi nina msimamo tofauti na wanaosema subirini kipimo: mtoto mwenye nimonia kali, oksijeni chini ya asilimia 90, hawezi kunyonya, au amelegea, apewe ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 6 na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara 1 kwa siku, hata kama mnaamini ni RSV. Kwa kitanda na stetoskopu huwezi kuitenga na bakteria kwa uhakika, na picha ya kifua nayo haitengi.

Mnapokosea, kama mnakosea, ni kwa wale wa daraja la chini. Hesabuni pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, mama amemfunulia kifua. Zikifika 60 kwa walio chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka 1 hadi 5, hizo ni za haraka. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi 1 linakuwa 4, na hapo ndipo mafua yanapogeuka nimonia kwenye karatasi. Pua iliyoziba na homa pia huongeza pumzi: safisheni pua kwa matone 1 au 2 ya seline (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, shusheni homa kwa parasetamoli, hesabuni tena baada ya nusu saa. Mwenye kikohozi na mafua bila ya pumzi za haraka wala kifua kubonyea hana haja ya antibiotiki. Mwenye pumzi za haraka anayekula vizuri, ni amoksilini ya kunywa, miligramu 40 kwa kilo mara 2 kwa siku, na si sindano.

Baada ya saa 48 hadi 72 kaeni na daktari mpitie upya. Dalili zote zimeelekea kwenye virusi na mtoto yuko vizuri? Antibiotiki zisimamishwe au zishushwe za kunywa. Kwa upande mwingine, aliyekuwa akipata nafuu kisha homa ikarudi siku ya 4 au 5, bakteria wameingia nyuma ya virusi, khasa baada ya influenza na surua, na huyo hapaswi kunyimwa. Aspirini asipewe mtoto mwenye influenza.

Kinachomtibu mwenye RSV ni oksijeni na chakula. Mrija wa puani: lita 0.5 hadi 1 kwa dakika kwa mchanga, 1 hadi 2 kwa mkubwa kidogo, mkiongeza mpaka kipimo cha kidoleni kifike 90 na zaidi. Anyonye kidogo kidogo mara nyingi. Akipumua zaidi ya 70 kwa dakika asilazimishwe ziwa wala kikombe, atapaliwa. Apewe maziwa ya kukamuliwa kwa mrija wa tumboni. Influenza ina dawa yake, oseltamiviri, yenye faida zaidi ikianza ndani ya saa 48: miligramu 3 kwa kilo mara 2 kwa siku kwa chini ya mwaka 1, miligramu 30 mara 2 kwa mkubwa wa mwaka mwenye chini ya kilo 15, na 75 mara 2 kwa mtu mzima, siku 5. Mkiipata, wa kwanza ni wajawazito, wenye kisukari na wenye ugonjwa wa moyo katika wodi za wakubwa, ambako influenza na korona huwaangusha watu huku tukiandika kichomi. Mkubwa anayekohoa wiki 2 na zaidi apimwe kifua kikuu kwanza.

Ipo pia kinga ya RSV yenyewe. Mwaka 2025 WHO ilipendekeza nchi zichague moja kati ya mbili: chanjo kwa mjamzito kuanzia wiki ya 28, au sindano ya kingamwili nirsevimab kwa mtoto anapozaliwa.

Nimalizie na sampuli. Ndiyo, zina maana, lakini si kwa kila mtoto. Mlipuko ukianza, chukueni kwa watoto 5 au 6 wa mwanzo, walio ndani ya siku 4 za kuanza dalili, kisha mwache. Mkishajua ni RSV au influenza, wanaofuata wenye picha ile ile wahesabuni humo humo. Kipimo cha haraka kikisema hapana msikiamini sana. Kikisema ndiyo, mnaweza kukitegemea. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, ni kinyume chake: inaona mno. Rinovirusi na adenovirusi huonekana hata katika pua za watoto wasio na ugonjwa, kwa hiyo jibu la namna hiyo lisimalize uchunguzi wenu. RSV, influenza, metapneumovirusi na parainfluenza zikionekana kwa mtoto aliyebanwa kifua, hizo zina uzito.

Mtoto apakatwe na mama, kichwa kimeegemea kifua chake, mkono wa mama kwenye paji la uso. Kijiti kiwe cha nyuzi za plastiki; cha pamba chenye ujiti wa mbao kinaharibu PCR. Pimeni kutoka tundu la pua mpaka mbele ya sikio, na nusu ya urefu huo au zaidi kidogo ndio kina. Kijiti kiende sambamba na kaakaa, kuelekea sikioni. Wengi hukielekeza juu, mtoto anatoka damu na sampuli hawajapata. Kikigota, kizungusheni taratibu kwa sekunde 5 hadi 10. Kivunjeni kwenye alama ndani ya kichupa cha kusafirishia. Maji ya kichupa hicho kwa kawaida ni ya waridi. Yakiwa ya manjano au yametibuka, tupeni. Vichupa vikiisha, mililita 2 au 3 za seline tasa zinafaa kwa PCR.

Viwekwe kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na vifike maabara ndani ya saa 72. Friza ya kawaida ya nyuzi kasoro 20 msiitumie, kwani RSV ni dhaifu na kuganda polepole kunaiharibu. Ulizeni kwanza maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi kama wanapokea kipimo hicho kwa wakati huo, kabla ya kufikiria boti ya Unguja. Ikibidi boti, kasha liwe na vibarafu vya chanjo, kichupa ndani ya mfuko wa pili wenye kitambaa cha kufyonza, na msafiri asiliweke juani kwenye sitaha. Kwenye fomu andikeni umri kwa miezi, tarehe ya dalili ya kwanza, tarehe ya kulazwa, tarehe na saa ya kuchukua sampuli, na kama mtoto alilazwa kwa ugonjwa mwingine, ugonjwa huo utajwe. Fomu iliyoandikwa "nimonia" tu inarudi na jina la virusi, bila ya kuwaambia kama vilitoka nyumbani au kitanda cha jirani.